Moyo Wenye Ukuta Mnene na Masikio Yake

  Leo tutazungumza juu ya moyo, na hasa moyo ambao ukuta wake umekuwa mnene kupita kiasi. Tutaingia kwa mlango wa historia, kwa sababu bila historia hiyo ni vigumu kulijibu swali ambalo mama huwa nalo akitoka kliniki.

Swali lenyewe ni hili. Mtoto wa miaka kumi na miwili amezirai akicheza mpira. Amepelekwa hospitali, amepigwa picha ya moyo iitwayo eko, na daktari amesema ukuta wa moyo ni mnene. Mama anapewa tembe za propranololi. Akifika nyumbani, jirani anaitazama pakiti na kusema, "Hizi si ni dawa za presha? Hata nyanya yake alizitumia. Mtoto huyu ana presha gani?" Mama anaingiwa na shaka. Baada ya wiki kadhaa mtoto anaonekana mzima, anakula, anaruka, na tembe zinawekwa juu ya kabati zisahaulike. Kitendo hicho kidogo kinaweza kuleta msiba, na sababu yake tutaiona mbele.

Kwanza tuelewane juu ya unene wenyewe. Moyo ni misuli. Presha ikikaa juu miaka mingi bila kutibiwa, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi na misuli yake hunenepa, kama vile mkono wa mtu anayepasua kuni kila siku unavyojaa. Huo ni ugonjwa wa watu wazima wengi, na si huo tunaouzungumzia leo. Tunazungumzia moyo unaonenepa hata kama presha ni ya kawaida, kwa sababu ya kasoro ambayo mtu huzaliwa nayo. Mara nyingi unaonenepa zaidi ni ule ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Ukinenepa, nafasi ya damu ndani ya chumba hupungua, na njia ya damu kutoka moyoni huweza kubanwa.

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Sote tunajua moyo unavyofanya mtu akishtuka. Mtoto amekuponyoka mkononi karibu na barabara, matatu inakuja kwa kasi. Kabla hujapata hata nafasi ya kupiga kelele, moyo tayari unadunda kama ngoma. Nani ameuambia moyo? Mishipa ya fahamu imeuambia, na pia tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia. Miaka ya 1890, daktari mmoja wa mji wa Harrogate, Uingereza, aliyeitwa George Oliver, alikamua maji kutoka kwenye tezi hizo za wanyama na kuyapeleka kwa Profesa Edward Schäfer jijini London. Walipomdunga mnyama maji hayo, presha yake ilipanda kwa nguvu ambayo hawakuwa wameitazamia. Walitangaza habari hizo mwaka wa 1894 na 1895. Kufikia mwaka wa 1901, mwanakemia Mjapani, Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani pamoja na msaidizi wake Keizo Uenaka, alikuwa amepata kitu chenyewe kikiwa safi, chembe kavu kama chumvi. Kikaitwa adrenalini.

Basi ujumbe ulijulikana. Lakini ujumbe unahitaji sikio. Kwa nini adrenalini huufanya moyo upige kwa nguvu, lakini hiyo hiyo hulegeza misuli ya njia za hewa kifuani? Maji ni yale yale, lakini kiungo hiki kinasema ndiyo na kile kinasema hapana. Mwaka wa 1905 John Langley wa Cambridge alisema kwamba lazima kuwe na kitu juu ya misuli kinachoipokea dawa, na kwamba jibu la kiungo linategemea kipokezi hicho. Wengi hawakumwamini. Kipokezi hakikuonekana kwa macho wala kwa darubini, na wataalamu walikiona kama hadithi tu. Leo neno vipokezi liko katika kila kitabu cha udaktari. Sisi hapa tutaviita masikio ya moyo, tuelewane kwa urahisi.

Miaka arobaini ilipita. Huko Augusta, katika jimbo la Georgia, Marekani, mtaalamu wa dawa aitwaye Raymond Ahlquist alikuwa akitafuta dawa ya kulegeza mji wa mimba ili kuwasaidia wanawake wanaoumwa sana wakati wa hedhi. Kina mama, lishikeni hilo: njia ya kuelekea dawa ya moyo ilianzia kwenye maumivu ya hedhi. Ahlquist alichukua vitu sita vya jamii ya adrenalini akavijaribu kwenye kiungo kimoja baada ya kingine, akapanga vipi vina nguvu zaidi na vipi havina. Akaona kwamba mipangilio ni miwili tu. Katika mishipa ya damu, kwa mfano, mpangilio ulikuwa mmoja. Katika moyo ulikuwa mwingine kabisa. Akakata shauri kwamba masikio ya adrenalini ni ya aina mbili, akayaita alfa na beta, kwa herufi mbili za kwanza za Kigiriki. Moyo husikia zaidi kwa masikio ya beta.

Makala yake yalikataliwa na jarida kubwa la fani yake. Yalichapishwa mwaka wa 1948 katika jarida jingine, kwa msaada wa rafiki, na kwa miaka kadhaa karibu hakuna aliyeyajali. Mimi huona hii ndiyo sehemu ya kusikitisha katika hadithi nzima, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo vijana walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao makala hayo yangesaidia kuueleza.

Vijana hao tunawakuta jijini London, katika chumba cha kupasulia maiti. Daktari Donald Teare wa Hospitali ya St George's ndiye aliyekuwa akichunguza miili ya watu waliokufa ghafla. Mwaka wa 1958 alieleza habari za watu wanane, wenye umri wa kati ya miaka 14 na 44, ambao mioyo yao ilikuwa na ukuta wa katikati mnene ajabu. Karibu wote walikuwa wamekufa ghafla, baadhi yao wakiwa hawajulikani kuwa wagonjwa. Alipotazama nyuzi za misuli kwa darubini, hazikuwa zimelala sambamba kama nyuzi za mkeka uliosukwa vizuri. Zilikuwa zimechanganyikana ovyo. Teare mwenyewe alidhani ni uvimbe. Mwaka wa 1960 yeye na wenzake walieleza habari za familia moja iliyokuwa na watu kadhaa wenye moyo wa namna hiyo, na hapo ikaanza kueleweka kwamba ugonjwa unatembea katika ukoo.

Wapasuaji nao walikutana na jambo la kushangaza. Walikuwa na wagonjwa ambao vipimo vilionyesha wazi kwamba damu inabanwa ikitoka moyoni. Wakadhani vali imekakamaa. Wakafungua moyo, wakatia kidole, na hawakukuta kizuizi. Russell Brock wa Hospitali ya Guy's, London, aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1957. Wapasuaji wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, zilizoko Bethesda, walikutana nalo mara baada ya hapo. Fikirini: mgonjwa amefunguliwa kifua, na kile kilichokuwa kikimziba pumzi hakipo! Moyo ukiwa umetulia, njia ni wazi. Ukikaza kupiga, ukuta mnene unasogea na kuibana. Kizuizi kilikuwa kikija na kuondoka.

Kwa hiyo swali likawa: ni nini kinachoufanya ukaze hivyo?

Jibu lilipatikana Bethesda. Mwaka wa 1962 Daktari Eugene Braunwald na mwenzake walieleza walichokiona walipowapa wagonjwa hao dawa ya isoprenalini, ndugu ya adrenalini inayoyaamsha masikio ya beta. Moyo wa kawaida ukisikia sauti hiyo husukuma damu nyingi zaidi. Moyo mnene ulifanya kinyume: ulijikaza kwa nguvu hadi ukajifungia mlango wenyewe, na kizuizi kikazidi. Hata dawa za kuongeza nguvu za moyo, ambazo zilikuwa zimewasaidia watu wenye moyo dhaifu kwa karibu miaka mia mbili, ziliwaumiza hawa. Ndiyo maana mtoto mwenye moyo huu huweza kukaa darasani bila shida, kisha akaanguka kwenye mbio za shule. Anapokimbia, au anapoogopa, adrenalini inapaza sauti na masikio yanaisikia. Ndiyo maana pia huwezi kumpima kwa kumwangalia tu akiwa ameketi.

Wakati huo huo, mtu mwingine alikuwa akiufikiria moyo kwa njia tofauti. James Black alizaliwa Scotland mwaka wa 1924. Baba yake alikufa kwa shambulio la moyo baada ya ajali ya gari, na inasemekana jambo hilo lilimfanya Black afikirie sana jinsi mshtuko unavyouchosha moyo. Madaktari wa siku zile walitafuta dawa za kuupelekea moyo damu zaidi. Black alisema, na tuupunguzie kazi. Alikuwa ameyasoma mawazo ya Ahlquist, yale yaliyodharauliwa. Kama moyo unasikia kwa masikio ya beta, basi tengeneza kitu kinachofanana na adrenalini kiasi cha kuingia katika sikio, lakini kisichosema neno. Sikio linazibwa, na adrenalini inapiga kelele nje.

Mwaka wa 1958 alijiunga na kampuni ya ICI nchini Uingereza. Dawa yake ya kwanza kutumika kwa watu, pronethaloli, iliachwa ilipoonekana kwamba inaleta uvimbe wa saratani kwa panya. Ya pili ilikuwa propranololi, iliyotangazwa mwaka wa 1964 na kuuzwa kwa jina la Inderal. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Ahlquist alikuwa ameshafariki mwaka wa 1983. Hata hivyo aliwahi kutunukiwa pamoja na Black tuzo kubwa ya Lasker mwaka wa 1976, kwa hiyo hakufa bila kutambuliwa.

Propranololi ilikusudiwa kwa maumivu ya kifua ya watu wazima. Matumizi ya presha yalikuja baadaye. Lakini kundi la Bethesda liliona haraka kwamba kama kuamsha masikio ya beta kunauumiza moyo mnene, basi kuyaziba huenda kukausaidia. Mwaka wa 1964 walieleza majaribio ya pronethaloli kwa wagonjwa wenye ukuta mnene, na mwaka wa 1967 wakaeleza jinsi dawa za aina hii zilivyopunguza maumivu ya kifua. Kwa hiyo mama, jirani akikuambia kwamba mtoto amepewa dawa ya presha, mwambie kwamba moyo mnene ulianza kutibiwa kwa dawa hizi tangu mwanzo wake kabisa. Mtoto hana presha. Amezibwa masikio ya moyo ili moyo usijikaze kupita kiasi.

Ni lazima niseme wazi tembe hii inafanya nini na haifanyi nini. Inapunguza kasi ya moyo, inaupa moyo muda wa kujaa damu, inapunguza maumivu ya kifua na kuhema. Haiupunguzi unene wa ukuta. Haimwondolei mtu hatari yote ya kifo cha ghafla, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengine huhitaji upasuaji wa kupunguza ukuta, au mashine ndogo inayowekwa chini ya ngozi ili iushtue moyo ukienda kombo. Atakayekuuzia dawa na kukuahidi kwamba ukuta utakonda kwa mwezi mmoja, mkimbie.

Tuendelee. Hadi miaka ya 1960 masikio haya yalikuwa bado ni wazo tu. Hakuna aliyekuwa ameyahesabu. Miaka ya 1970 Robert Lefkowitz na wenzake, huko Marekani, walipata njia ya kuyatia alama kwa vitu vyenye mionzi na kuyahesabu kwenye tishu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2012 pamoja na mtafiti wa zamani wa maabara yake, Brian Kobilka. Hesabu ilileta jambo ambalo kila mama mwenye mtoto anayetumia dawa hizi anapaswa kulijua: idadi ya masikio hubadilika.

Moyo ukipigiwa kelele za adrenalini siku nenda siku rudi, hupunguza masikio yake. Ukizibwa masikio kwa dawa, huotesha mengine. Mwaka wa 1977 maabara ya Lefkowitz ilionyesha kwamba panya waliopewa propranololi walipata vipokezi vya beta vingi zaidi mioyoni mwao. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka wa 1975, madaktari wa Marekani walikuwa wametoa onyo juu ya wagonjwa wa maumivu ya kifua walioachishwa propranololi ghafla: baadhi yao walizidiwa vibaya, wengine wakapata shambulio la moyo. Hesabu ya panya ilisaidia kueleza sababu. Dawa ikiondoka kwa siku moja au mbili, masikio yote yale mapya yanabaki wazi kwa pamoja, na adrenalini ya kawaida kabisa inasikika kama baragumu.

Hapo ndipo tunarudi kwenye tembe zilizowekwa juu ya kabati. Mtoto aliyekuwa akimeza propranololi kila siku, halafu akaachishwa siku moja kwa sababu amepona machoni, moyo wake hauko pale ulipokuwa kabla ya dawa. Kwa siku kadhaa unaweza kuwa mwepesi kushtuka kuliko mwanzo. Dawa hizi hupunguzwa pole pole, kwa maagizo ya daktari. Zikikaribia kuisha, rudi kliniki zikiwa zimebaki za wiki moja, usingoje tembe ya mwisho. Na mtoto akienda kwa nyanya yake likizo, tembe ziende naye.

Na je, moyo mnene wenyewe una masikio mangapi? Mwaka wa 1993 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwapiga wagonjwa picha maalumu za mionzi bila kuwapasua. Waliona kwamba vipokezi vya beta ni vichache kuliko vya watu wenye afya, na si katika sehemu nene peke yake, bali hata pale ambapo ukuta ulikuwa wa kawaida. Mwaka wa 1998 uchunguzi mwingine wa aina hiyo ulionyesha kwamba mishipa ya fahamu ya moyo huo hairudishi vizuri ndani yake ujumbe ilioutoa. Yaani kelele hazizimwi upesi. Moyo unakaa katika chumba chenye kelele na unajaribu kujipunguzia masikio, lakini yaliyobaki yanatosha kuuumiza mtoto akikimbia.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wapo waliodhani kwamba adrenalini ndiyo inayounenepesha moyo huu. Lilikuwa wazo zuri, lakini jibu lilitoka mahali pengine. Mwaka wa 1990 Christine na Jonathan Seidman wa Boston, pamoja na wenzao, walikuta kasoro ya urithi katika familia kubwa ya Quebec, Kanada. Kasoro ilikuwa katika mayosini, protini inayoifanya misuli ya moyo ivutike. Tangu hapo kasoro nyingine nyingi zimepatikana, karibu zote zikihusu nyuzi za misuli. Masikio hayakuwa mkosaji. Yalikuwa tu mlango ambao kupitia kwake madaktari waliweza kuufikia moyo na kuutuliza. Mwaka wa 2022 Marekani iliidhinisha, kwa watu wazima, mavakamteni, dawa ya kwanza inayoigusa mayosini yenyewe. Hata hivyo, miongozo ya madaktari wa Marekani ya mwaka wa 2024 bado inazitaja dawa za kuziba vipokezi vya beta kuwa za kuanzia.

Habari ya Boston ina jambo moja la kuwafikia wazazi. Mzazi mwenye kasoro hii, awe baba au mama, humpa kila mtoto nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Nalisema hili kwa sababu katika nyumba nyingi mtoto akianguka, mama ndiye anayetazamwa kwanza: amemlisha nini, amemkosea nani. Kasoro hii haitokani na chakula, wala laana, wala mama kushtuka akiwa mjamzito. Uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa Marekani na kutangazwa mwaka wa 1995 ulikadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya 500 ana moyo wa namna hii, na ugonjwa umeonekana kwa watu wa kila bara. Wengi wao huishi hadi uzee.

Mnaopenda mpira mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, mjini Lyon, Ufaransa, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Alikuwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba moyo wake ulikuwa umenenepa. Alikuwa mtu wa mazoezi, mwenye nguvu, aliyecheza katika ligi kubwa za Ulaya. Kwa hiyo usiseme, "Mwanangu ni mkakamavu, hawezi kuwa na moyo."

Mtoto akizirai wakati anakimbia, au mara tu anaposimama kutoka mbioni, au akishtushwa, usilichukulie kuwa njaa au jua tu. Huyo apimwe moyo. Wako watoto wanaotibiwa kifafa miaka mingi kumbe ni moyo, na wako wanaopelekwa kuombewa peke yake. Ombeni, lakini mpimeni pia. Mweleze daktari kama kuna mtu katika ukoo, upande wa mama au wa baba, aliyekufa ghafla akiwa kijana, hata kama nyumbani ilisemekana alirogwa au alizama majini. Habari hiyo ina thamani kubwa kuliko mnavyodhani.

Pumu nayo ina mahali pake katika historia hii. Mwaka wa 1967 ilionyeshwa kwamba masikio ya beta yenyewe yamegawanyika mara mbili: ya kwanza yako zaidi moyoni, na ya pili yako zaidi katika njia za hewa. Ile dawa ya kuvuta ya Ventolin huyaamsha ya pili ili kifua kifunguke, na huugusa moyo kidogo, ndiyo maana mtoto akiivuta moyo humwenda mbio. Propranololi huziba yote mawili. Inaweza kukifunga kifua cha mwenye pumu vibaya sana. Mtoto ambaye amewahi kukoroma kifua au kutumia Ventolin, mwambie daktari kabla ya kupokea tembe, naye atachagua dawa au njia nyingine. Na kwa sababu hiyo hiyo, usimgawie jirani tembe za mtoto wako, wala usimpe mtoto za nyanya.

Kwa watoto wachanga kuna jambo la sukari. Propranololi inaweza kuishusha sukari ya damu kwa mtoto ambaye hajala. Mpe dawa pamoja na kunyonya au chakula. Akikataa kunyonya, akitapika au akiharisha, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ili waamue juu ya dozi, usingoje kesho. Akilegea, akitoka jasho baridi au akawa mzito kuamka, ni dharura. Kuharisha kuna ubaya wa pili kwa moyo mnene: maji yakipungua mwilini, chumba cha moyo hupungua damu na ukuta hukaribiana zaidi.

Mama mwenye kisukari anaweza kujifungua mtoto ambaye ukuta wa moyo wake ni mnene. Huyo ni tofauti. Unene wake hutokana na sukari ya mama wakati wa mimba, na kwa kawaida hupungua wenyewe katika miezi ya kwanza. Afuatiliwe kliniki, lakini asihesabiwe pamoja na hawa wa urithi.

Mmoja akipatikana na moyo wa kurithi, wazazi wake na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia kwa eko na kwa kipimo cha umeme wa moyo. Picha safi ya mtoto wa miaka sita haitoshi, kwani ukuta mara nyingi hunenepa anapobalehe. Muulize daktari lini arudishwe, na uiandike tarehe hiyo kwenye kitabu chake cha kliniki.